Sauti Ikikauka, Usikae Kimya

(Haya ni maneno ya mfanyakazi wa jamii aliyoyasema mbele ya wenyeviti, waandishi na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia, Kitui. Tumeyachapa kwa sababu wengi waliomba kuwasomea wanachama wao nyumbani.)

Viongozi wa vikundi, wazee, kina mama na vijana, hamjambo?

Asanteni. Nyinyi mmeitikia kwa nguvu na mimi nimewasalimu kwa sauti ndogo. Wale wa nyuma nawaona mmetega masikio. Tafadhali sogeeni mbele, viti viko. Leo sitapaza sauti. Si kiburi, wala sina hasira na mtu. Mkisogea mtajua sababu, kwa maana hiyo sababu ndiyo habari yenyewe.

Kwa kawaida mkiniona mbele yenu nimekuja na maneno ya mbuzi wa maziwa, bwawa la mchanga, au hesabu za mzunguko ambazo hazikubaliani. Leo nimekuja na maneno ya koo. Msicheke. Kikundi kinaendeshwa kwa mdomo. Mwenyekiti hufungua mkutano kwa mdomo, mweka hazina husoma pesa kwa mdomo, na mama anayeuza nyanya sokoni huita wanunuzi kwa mdomo. Mwalimu wa shule, katekista, makanga wa matatu, mzee wa kijiji, wote hula kwa sauti. Jembe likivunjika mpini tunatafuta mpini siku hiyo hiyo. Sauti ikivunjika tunasema, "Ah, itarudi."

Yaliyonipata mimi

Nilianza kazi hii mwaka wa 2003. Nilikuwa na diploma mkononi na sauti iliyosikika ng'ambo ya mto. Mlioanza nami mnakumbuka. Mwethya wa watu sitini wako chini wanachimba, sururu zinalia, karai zinapita, na mimi nasimama juu ya ukingo napanga kazi bila kipaza sauti. Hakuna aliyesema hakunisikia. Nilijivunia hiyo sauti kama vile mtu anavyojivunia ng'ombe.

Mwaka wa 2020 ukaja na korona. Mikutano ilipofunguliwa tena, tulitakiwa tukae nje, mita moja na nusu kati ya mtu na mtu, barakoa mdomoni. Nikawa nasema kupitia kitambaa, upepo unavuma, na wasikilizaji wametawanyika kama mbuzi malishoni. Halafu mvua ikakosa. Mnajua ukame ule ulioanza mwisho wa 2020, msimu ukifuata msimu mpaka 2022. Kazi ya kuandikisha jamaa waliohitaji chakula ikawa siku tatu au nne kwa wiki, kutoka asubuhi mpaka jioni, vumbi tupu. Na maji ya kunywa nilikuwa nikiyahesabu, maana si haya kumaliza mtungi wa mama aliyetembea saa tatu kuuleta?

Mwezi wa sita 2021 niliamka asubuhi nikamwita binti yangu. Sauti ikatoka kama mlango wenye bawaba kavu. Nikasema ni baridi. Baada ya siku chache ikarudi kidogo, nikaenda barazani, ikapotea tena. Ikawa hivyo kila wiki. Jumatatu ninayo, Alhamisi sina.

Sasa sikieni watu walivyosema. Wengine walisema madam siku hizi amekasirika, hatuongeleshi. Wengine wakasema anaringa. Mmoja akauliza kama nimeanza kulewa. Mama yangu mzazi alinipigia simu, nikaitika, akaniuliza, "Wewe bwana ni nani, na simu ya mtoto wangu umeitoa wapi?" Nilicheka, lakini nilipokata simu nililia. Kwaya niliiacha. Nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, nikashuka ya pili, halafu nikakaa tu kwenye benchi la nyuma na kitabu mkononi.

Jambo lililonisumbua zaidi sikumwambia mtu. Mkataba wangu wa kazi huandikwa upya kila mwaka. Niliwaza, nani atamwajiri mhamasishaji asiye na sauti? Kwa hiyo nilificha. Nilipoulizwa nilisema ni vumbi. Na ili nisigunduliwe, nilijikaza kusema kwa nguvu zaidi. Ni kama mtu mwenye kidonda cha mguu anayekimbia ili watu wasimwone akichechemea.

Dawa nilizotumia zote mnazijua. Ndimu na asali, tangawizi, mayai mabichi, peremende kali zile za kuchoma ulimi. Asali na maji ya vuguvugu hutuliza koo kidogo, sisemi ni mbaya. Lakini baadaye nilifundishwa kwamba kitu unachomeza hakipiti juu ya nyuzi za sauti. Kinapita njia ya chakula, nyuma yake. Kingepita kwenye sauti ungekohoa mpaka ufe. Tena kwa miezi minane nilimeza dawa za viini mara nne, za dukani na za zahanati moja, na hakuna mtu aliyetazama ndani ya koo langu. Nami sikuomba nitazamwe.

Shangazi yangu akaja na lake: ati kimeo kimerefuka, twende kwa mzee akikate. Ndugu zangu, hapo nitasimama kidogo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Sauti haitoki hapo. Kukikata hakuponyi sauti wala kikohozi cha mtoto, na wembe ule umeleta damu isiyokatika na vidonda vilivyooza. Tuache kabisa kuwapeleka watoto.

Aliyenisaidia si daktari. Ni msichana, mwandishi wa kikundi kimoja, umri wa binti yangu. Tulipomaliza mkutano alinishika mkono akasema, "Mama, mbuzi akikohoa mwezi mzima wewe hutuambia tumwite daktari wa mifugo. Wewe umekwama sauti tangu mwaka jana. Umemwita nani?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nilipanda gari kwenda hospitali ya kaunti.

Siku ya kutazamwa

Huko nilionwa na daktari wa kliniki aliyesomea mambo ya pua, masikio na koo. Wako katika hospitali kubwa za kaunti nyingi. Alinisikiliza kwanza: nasema saa ngapi kwa siku, nakunywa maji kiasi gani, navuta sigara, napikia kuni, nina kiungulia? Kisha akachukua kioo kidogo cha mviringo chenye mpini mrefu, akakipasha moto kidogo kisipate ukungu, akaushika ulimi wangu kwa kitambaa safi, akaniambia niseme "iii". Dakika chache tu. Hakuna sindano, hakuna kisu, ingawa nilitaka kutapika kidogo. Mahali pengine wana mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa puani. Huo nao hauumizi sana.

Aliniambia jambo ambalo nimelipenda. Mtu aliyefanya kioo hicho kijulikane hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa nyimbo kutoka Uhispania, jina lake Manuel García, aliyetaka kujua sauti hutoka wapi. Mwaka wa 1854 alichukua kioo cha daktari wa meno, akatumia kioo kingine kuelekeza jua mdomoni mwake, akaona nyuzi zake mwenyewe zikicheza. Kwa hiyo wanakwaya, mambo haya ya koo si ya wenye makoti meupe peke yao.

Sauti hutokaje?

Shika shingo yako hapa mbele, hiki kifundo ambacho kwa wanaume kimetokeza. Sasa guguna kama nyuki: mmmm. Unasikia kinatetemeka? Hilo ndilo zoloto. Ndani yake mna nyama mbili nyembamba zilizolala sambamba kama midomo. Hizo ndizo nyuzi za sauti. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni inazigonganisha, na mgongano huo ndio sauti. Kwa mwanaume hugongana kama mara 100 kwa sekunde moja. Kwa mwanamke ni kama mara 200. Fanyeni hesabu, waweka hazina: mama akisema nusu saa bila kupumzika, ni zaidi ya mara laki tatu. Mtoto mdogo hupita hapo, ndiyo maana mtoto wa kulialia sana na kupiga kelele naye sauti hukwaruza.

Mkono ukishika jembe siku nzima hutoa lengelenge. Ukiendelea kila siku, pale pale panakuwa sugu. Nyuzi za sauti ni hivyo hivyo. Zikigonganishwa kwa nguvu, zikiwa kavu, zikiwa na moshi, huvimba. Mtu asipopumzika huota sugu, moja kila upande, na hapo haziwezi tena kukutana vizuri. Pumzi inavuja katikati, na sauti inatoka na mkwaruzo. Sugu hizo ndizo nilizokuwa nazo. Huwapata sana walimu, waimbaji, na zaidi wanawake. Kumbukeni elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka wa 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni. Darasa la arobaini likawa la themanini au mia. Ni nani aliyeuliza habari ya koo la mwalimu?

Jinsi nilivyosaidiwa

Sikukatwa. Niliambiwa sugu nyingi za namna hii huisha zenyewe mtu akijifunza kusema upya. Nilipelekwa kwa mtaalamu wa sauti na usemi. Hao si wengi nchini na wengi wao wako Nairobi, kwa hiyo nilimwona mara tatu tu, mengine tukafanya kwa simu. Nitawaambia alichonifundisha, maana hakina gharama:

Kwanza, kusema kwa pumzi ya tumbo na si kwa kukaza shingo. Weka mkono tumboni. Ukivuta pumzi tumbo litoke, ukisema liingie pole pole. Pumzi ikiisha, simama, vuta nyingine.

Pili, kuguguna kwa sauti laini asubuhi, dakika mbili tatu, kabla ya kazi. Hata injini ya dizeli hupashwa moto. Tena kuna zoezi la mrija: tia mrija wa soda ndani ya glasi ya maji, upulize huku ukitoa sauti "uuu" mpaka maji yatoe mapovu. Wajukuu watacheka, lakini koo hulegea.

Tatu, kunyamaza kwa vipindi. Baada ya kusema kwa muda, pumzisha sauti dakika kumi. Na kunyamaza ni kunyamaza. Kunong'ona si kupumzika, kunong'ona kwa nguvu kunakaza koo vile vile.

Nne, kuacha kujikohoza. Ile "hmm! hmm!" kabla ya kila neno ni kugonganisha nyuzi kwa makusudi. Meza mate, au kunywa maji.

Tano, maji. Hapa kwetu najua hilo ni neno zito. Lakini chupa ndogo ya kwenda nayo mkutanoni, unywe kidogo kidogo, si anasa. Siku hizi nabeba yangu na simpi mtu shida. Uji mwepesi nao unasaidia.

Sita, mwenye kiungulia asile usiku sana akalala papo hapo, kwa maana asidi ya tumbo hupanda ikachoma nyuzi. Na sigara, ndugu zangu, iacheni. Kina mama, jikoni fungueni dirisha, moshi utoke.

Ilichukua miezi minne kabla mama yangu kunitambua tena kwenye simu. Lakini sitawadanganya. Haikurudi yote. Sauti ya ng'ambo ya mto imekwisha. Nikisema saa mbili mfululizo, jioni sina kitu. Ninaishi nayo kama mtu anavyoishi na goti bovu: najua mlima upi nipande na upi nizunguke. Kuhusu mkataba, nilipomwambia mkubwa wangu ukweli, alinipangia siku mbili za ofisini kila wiki. Miezi nane niliyojificha niliificha bure.

Aliyechelewa

Wakati mwingine mkwaruzo si sugu. Kuna mzee mmoja, alikuwa mwenyekiti wa kikundi jirani, aliyeniruhusu niseme habari zake bila jina. Alikuwa mvutaji wa sigara kwa miaka mingi. Sauti yake ilikwaruza zaidi ya mwaka mzima. Haikuuma, kwa hiyo alisema ni uzee. Alipoanza kupumua kwa mluzi na chakula kikawa hakipiti, walimkimbiza hospitali, na ilikuwa saratani ya zoloto. Ikigunduliwa mapema, wakati bado iko kwenye nyuzi peke yake, mara nyingi huponyeka na sauti hubaki. Yake ilikuwa imeenea. Ilibidi watoe zoloto lote huko Nairobi.

Mzee yuko hai, ashukuriwe Mungu. Anapumua kupitia tundu shingoni. Hasemi. Kwenye mikutano hukaa karibu na mwandishi, ana kalamu na daftari lake, na akigonga meza mara mbili watu wote hunyamaza wasome alichoandika. Nilipomwambia nakuja kusema nanyi aliandika hivi: "Waambie nilikuwa na nauli." Maana yake mmeielewa. Hakukosa pesa za kwenda, alikosa kujua kwamba ni jambo la kwendea.

Nenda lini?

Sauti ikikauka kwa homa ya mafua, mara nyingi hurudi ndani ya wiki mbili. Pumzika, kunywa maji, usikimbilie dawa za viini. Ikipita wiki tatu haijarudi, nenda ukatazamwe. Usingoje wiki tatu kama unavuta sigara, kama kuna uvimbe shingoni, kama kumeza ni shida, kama unakohoa damu, kama unakonda, au sauti imepotea ghafla baada ya kufanyiwa upasuaji wa shingo. Na mtu akipumua kwa mluzi au kwa shida, mtu mzima au mtoto, hiyo ni ya siku hiyo hiyo.

Mwenye mkwaruzo pamoja na kikohozi kisichoisha, jasho la usiku na kukonda apimwe kifua kikuu. Ugonjwa huo hukaa hata kwenye zoloto na huambukiza upesi. Katika hospitali za serikali dawa zake ni bure.

Anzia zahanati au kituo cha afya, lakini useme wazi: "Nataka barua niende kwa daktari wa pua, masikio na koo." Kadi ya NHIF ilikwisha Oktoba 2024, sasa ni SHA. Jiandikisheni kabla ya kuugua, na mlipe mchango, kwa maana katika hospitali kubwa utaulizwa.

Kikundi kifanye nini?

Koo la mwenyekiti ni mali ya kikundi, kama vile mashine ya posho. Kwa hiyo:

Kaeni kwa duara, karibu karibu. Msifanyie mkutano kando ya mashine ya kusaga wala barabarani.

Kwenye mwethya tumieni filimbi au kengele kuita watu, halafu mseme wakiwa wamekaribia. Kama kikundi ni kikubwa, wekeni mtu wa kurudia maneno katikati, au mnunue kipaza sauti kidogo cha betri kutoka mfuko wa kikundi.

Pokezaneni. Mwenyekiti afungue, mweka hazina asome hesabu, mwingine afunge. Faida yake ni mbili: koo linapumzika, na vijana wanajifunza kuongoza.

Kwaya isipandishe wimbo kupita uwezo kwa sababu tu parokia jirani walipandisha. Na kwenye harusi, mama mwenye koo bovu apige makofi, vigelegele awaachie wengine.

Mwisho, mwanachama akibadilika sauti msiseme amelewa au anaringa. Mwulizeni, kama yule msichana alivyoniuliza. Halafu mmoja wenu amsindikize.

Nimefika mwisho, na sauti bado ninayo. Asanteni kwa kusogea mbele.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kikundi chetu ni nani anayesema zaidi ya wote? Tutamsaidiaje?
2. Je, kuna mtu tunayemjua ambaye sauti yake imekauka zaidi ya wiki tatu? Nani atamwendea wiki hii?
3. Mahali tunapokutania panasikika vizuri? Tubadilishe nini?
4. Wanachama wangapi bado hawajajiandikisha SHA?